TAHARIRI: Machakos isimpime mama na kumsahau mtoto

Kampeni za kuwapima akina mama virusi vya Ukimwi katika Kaunti ya Machakos hazitawaokoa watoto iwapo zitaendelea kupimwa kwa idadi ya mahema yaliyosimamishwa sokoni na fulana zilizogawiwa. Mtoto huokolewa na ufuatiliaji, na hapo ndipo tunapolegea.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 98 ya wajawazito nchini huhudumiwa na mtaalamu wa afya angalau mara moja. Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa asilimia 66 pekee. Kwa hivyo, akina mama hawajaikataa kliniki. Kurudi ndiko kunakowashinda. Mama wa Kivaa au Katangi hulazimika kuchagua kati ya nauli ya bodaboda na unga wa jioni. Kibarua wa Athi River akikosa kazini kwa siku moja, malipo ya siku hiyo yamekwenda.

Gharama ya kutorudi hulipwa na mtoto. Bila dawa, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 wanaozaliwa na akina mama wenye virusi huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akitumia dawa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya watano. Nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili wasipotibiwa. Tena, mama aliyepatikana bila virusi katika ziara ya kwanza anaweza kuambukizwa baadaye, akiwa bado mjamzito au ananyonyesha. Ndiyo maana ni lazima apimwe upya.

Miongozo ya Wizara ya Afya iko wazi: mtoto wa mama mwenye virusi hupimwa akiwa na wiki 6, miezi 6, miezi 12 na miezi 18. Wiki ya 6 ni wakati wa chanjo, na mwezi wa 18 ni wakati wa dozi ya pili ya surua. Basi huduma za mashinani za chanjo, kupima uzani na kupima virusi zitolewe mahali pamoja, siku moja. Hilo litapunguza nauli na kumwepusha mama na macho ya majirani, kwa kuwa hakuna atakayejua kilichomleta.

Watu wa kuifanya kazi hii wapo. Mnamo Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na ikakubaliwa kwamba serikali kuu na kaunti zigawane malipo yao ya Sh5,000 kwa mwezi. Hao ndio wanaojua ni nyumba gani ina mtoto mchanga na ni mama yupi aliyehama. Walipwe kwa wakati, na wafunzwe kutunza siri. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupimwa au kutangaza hali yake bila idhini. Mhudumu anayeropoka hufukuza akina mama wa kijiji kizima.

Serikali ya kaunti isisingizie ukosefu wa wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, Kenya nzima iliona hatari ya kuining'iniza kazi hii kwenye mfuko wa mgeni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Bunge la Kaunti litenge fedha za vipimo, za usafirishaji wa sampuli hadi maabara na za akina mama washauri, wanaoishi na virusi na wanaowashika mkono wenzao.

Akina baba nao hawana kisingizio. Wanawake wengi huficha majibu kwa kuogopa kipigo au kufukuzwa. Mwanamume aandamane na mkewe kliniki, wapimwe pamoja. Wachungaji na mapadri walihimize jambo hili makanisani, na asiwepo anayemwambia muumini aache dawa eti ameombewa.

Tunamtaka Gavana Wavinya Ndeti atoe taarifa kila baada ya miezi mitatu, kwa kila moja ya wadi 40 za kaunti hii, bila kutaja jina la mtu: ni watoto wangapi walistahili kupimwa wakiwa na wiki 6, wangapi walipimwa, majibu ya wangapi yaliwafikia wazazi, na wangapi kati ya walioambukizwa wameanza dawa. Uongozi usioweza kujibu maswali hayo manne hauna haki ya kujisifu kwamba umewafikia akina mama na watoto wa Machakos.