Mizani Haitungi Shairi

Imekuwa ada siku hizi kwa waandishi wa makala na wasemaji wa mihadhara kuuvisha ulimwengu sifa za shairi. Ulimwengu, wanasema, umepimwa kwa mizani isiyopungua wala kuzidi. Gusa uzito wa protoni au nguvu ya mvutano kwa kiasi cha unywele, na mbingu zote zitavunjika kama ubeti uliopotezewa vina. Maneno haya ni matamu, na kwa wapenzi wa ushairi wa mwambao yana mvuto wa pekee. Lakini utamu wa tamathali haujawahi kuwa ushahidi. Tamathali hii, kama inavyotumiwa sasa, inaudhulumu ulimwengu, na inaudhulumu ushairi zaidi.

Wanaoitumia wamegawika makundi mawili. Kundi la kwanza hutaja nambari moja, likatua, kisha likatangaza kwamba hoja imekwisha: kipimo kipo, mpimaji yupo, hapana haja ya kuuliza zaidi. Kundi la pili hujibu kwa dharau kwamba yako malimwengu yasiyo na idadi, na kwamba huu umeangukiwa na bahati tu, kama mpita njia aliyeokota shilingi. Makundi haya hujiona mahasimu. Kwa hakika ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili hufunga kitabu kwenye ukurasa wa kwanza.

Nambari ipendwayo kuliko zote ni ile ya kaboni. Kisa chake husimuliwa hivi: Fred Hoyle, mnajimu wa Uingereza, alijitazama, akaona yeye ni kiumbe cha kaboni, akakata shauri kwamba lazima kiini cha kaboni kiwe na ngazi maalumu ya nishati, ama sivyo uhai usingekuwapo, wataalamu wakapima, wakaikuta pale pale alipoonyesha. Kisa kizuri, ila kimetiwa chumvi.

Yaliyotokea ni haya. Katika dakika chache za mwanzo, ulimwengu ulizalisha haidrojeni na heliamu, kwa uzito wa takriban robo tatu kwa robo moja, na karibu hapana kingine. Vitu vizito zaidi vilihitaji kupikwa ndani ya nyota. Lakini viini viwili vya heliamu vikiungana hutoa beriliamu isiyodumu hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Edwin Salpeter alionyesha mwaka 1952 kwamba ndani ya nyota yenye joto kali kiini cha tatu cha heliamu huweza kuiwahi beriliamu hiyo kabla haijasambaratika, na hapo ndipo kaboni hupatikana. Hoyle alipopiga hesabu aliona kwamba njia hiyo ingetoa kaboni haba mno, isipokuwa kama kiini cha kaboni kina ngazi ya nishati iliyo mahali panapofaa. Mwaka 1953, huko California, Ward Whaling na wenzake waliitafuta ngazi hiyo wakaipata. Leo inajulikana kuwa karibu elektronivolti milioni 7.65.

Katika andiko lake la wakati ule, Hoyle hakuzungumzia uhai. Alikuwa akieleza wingi wa kaboni na oksijeni unaoonekana katika nyota na angani. Mwanahistoria wa sayansi Helge Kragh alilichambua jambo hili mwaka 2010, akabainisha kwamba habari ya uhai iliambatishwa miaka mingi baadaye. Hoyle mwenyewe, kufikia miaka ya 1980, naye aliipenda. Ushindi wa mwaka 1953 ulikuwa ushindi wa mtu aliyefuata hesabu mpaka mwisho wake, na sifa hiyo inatosha. Kumvika kilemba kisichokuwa chake ni kumpokonya kilicho chake.

Je, ngazi hiyo ni finyu kama inavyohubiriwa? Kundi la kwanza hupenda kusema kwamba ingesogea hata chembe, kaboni yote ingetoweka. Mwaka 1989 Mario Livio na wenzake walihesabu wakaona kwamba ngazi hiyo ikipandishwa kwa elektronivolti 60,000, kaboni inayozalishwa na nyota haibadiliki sana. Kiasi hicho si kidogo: ngazi yenyewe imekipita kizingiti cha viini vitatu vya heliamu kwa elektronivolti 380,000 hivi. Upande wa pili, mwaka 2000, Heinz Oberhummer na wenzake walihesabu kwamba nguvu inayoshika viini ikibadilishwa kwa nusu ya asilimia moja, au nguvu ya umeme kwa asilimia nne, nyota zingepoteza karibu kaboni yao yote au oksijeni yao yote. Basi ufinyu upo, na anayeukana hajasoma. Lakini ni ufinyu wenye sura yake, unaotegemea kinachobadilishwa na kinachoachwa kama kilivyo. Asiyetaka kuutazama kwa makini hana haki ya kuupigia ngoma.

Hapa ndipo tamathali ya shairi ingefaa kweli, lau wanaoitumia wangelijua shairi. Mtu anayejua tarbia peke yake, yenye mishororo minne ya mizani kumi na sita, ataamini kwamba ukitoa silabi moja umeua utungo. Na ndani ya tarbia yuko sahihi. Lakini mbele yake umekaa utenzi, wenye mizani minane katika kila kipande, nao unasimulia vita na nasaha kwa mamia ya beti bila kuomba radhi. Ukibadilisha kipimo kimoja na kuviacha vingine, umeharibu. Ukivibadilisha vyote kwa pamoja, huenda umeingia katika bahari nyingine.

Kosa hilohilo hutendwa juu ya nyota. Mtu hushika kipimo kimoja, hukisogeza huku vingine vimefungwa, na kila kitu kinapobomoka hupiga kelele za ushindi. Mwaka 2008 Fred Adams wa Chuo Kikuu cha Michigan alivisogeza vipimo vitatu kwa pamoja: nguvu ya mvutano, nguvu ya umeme, na kasi ya mwunguano wa viini. Katika takriban robo ya eneo alilolichunguza, nyota ziliweza kuwako na kuwaka. Hesabu yake haikuthibitisha kwamba humo mngekuwa na uhai. Ilithibitisha jambo dogo lakini zito, kwamba ushairi wa mbingu huenda una bahari zaidi ya moja.

Ama kundi la pili, lisishangilie mapema. Yako masharti ambayo hayachezewi. Neutroni huizidi protoni uzito kwa takriban asilimia 0.14. Ingekuwa nyepesi kuliko protoni, haidrojeni ya kawaida isingedumu, na pasipo haidrojeni hapana maji wala jua la kudumu. Kulijibu hilo kwa neno "bahati" ni kulipa deni kwa sarafu bandia. Hoja ya malimwengu mengi ina heshima yake inaposhikwa na wenye kazi nayo: mwaka 1987 Steven Weinberg aliitumia kukadiria kwamba nguvu inayotanua ulimwengu lazima iwe ndogo, maana ikizidi mno galaksi haziwezi kujikusanya, na mwaka 1998 timu mbili za wanajimu zilikuta kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongezeka kasi. Lakini hakuna chombo kilichowahi kuuona ulimwengu mwingine. Anayeutaja kama jirani wa mtaa wa pili naye ametoka katika elimu, ameingia katika itikadi bila kubisha hodi.

Dhambi kubwa zaidi ya makundi yote mawili ni kuichanganya ruhusa na kazi. Masharti huruhusu, hayatendi. Hata tukubali kwamba kila kipimo kilikaa mahali pake tangu mwanzo, bado hapakuwa na kitu. Miaka 380,000 baada ya mwanzo, ulimwengu ulikuwa gesi ya moto iliyotandaa karibu sawasawa kila upande. Tofauti zake, zilizoonekana kwa mara ya kwanza na setilaiti ya COBE mwaka 1992, zilikuwa kiasi cha sehemu moja katika 100,000. Kutoka katika mikunjo hiyo myembamba, mvutano ulifanya kazi ya mamia ya mamilioni ya miaka kabla nyota za kwanza hazijawaka. Nyota hizo zikapika, zikafa, zikatapanya. Wengine wakapika upya kutoka jivu la wa kwanza. Jua na sayari zake havikutokea ila miaka bilioni 4.6 iliyopita, katika ulimwengu wenye umri wa miaka bilioni 13.8. Na hapa duniani, viumbe vya chembe moja vilitawala kwa miaka zaidi ya bilioni mbili kabla mnyama yeyote hajatambaa.

Vitazamwe Vilimia, kundi lile lililowapa wakulima wa mwambao kalenda ya mvua na kiangazi. Nyota zake zina umri wa miaka milioni mia moja na ushei tu. Ardhi iliyolimwa kwa kuzifuata ni kongwe kuliko zenyewe mara nyingi; dinosaria walitembea hapa wakati Kilimia kinazaliwa. Jambo hili halimo katika nambari yoyote ya mwanzo. Limo katika historia, na historia haisomwi kwa kutazama mizani.

Kila mtunzi wa visiwani analijua hili kwa vidole vyake. Ubeti wa tarbia una silabi 64. Mtu yeyote mwenye subira huweza kuzijaza, vina vikaoana, mizani ikatimia, na kilichopatikana kikawa rundo la maneno. Katika ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko uliovuma tangu miaka ya 1970, upande mmoja ulishutumiwa kuabudu arudhi na mwingine kuidharau. Lakini washairi bora wa pande zote walikubaliana kimyakimya kwamba arudhi haijawahi kuandika hata mshororo mmoja. Inaajabisha kwamba watu waliolelewa katika elimu hii husahau somo lake mara tu wanapoinua macho kutazama nyota.

Wanaolipia usahaulifu huu ni vijana. Mwanafunzi anayepewa nambari ya kaboni kama nguzo ya imani yake ataona nguzo ikitikisika siku atakapokutana na hesabu ya 1989, na hakuna aliyemwambia kwamba waumini walisujudu karne nyingi kabla ya Hoyle bila kungoja elektronivolti. Mwenzake aliyeambiwa kwamba kila kitu ni bahati hataona sababu ya kujifunza hesabu hiyo hata kidogo. Nani asomee bahati? Wote wawili wamenyimwa kitu kilekile: miaka bilioni 13.8 ya kazi, jambo moja likizaa jingine, ambayo ndiyo ajabu yenyewe.

Basi waandishi wanaotaka kuisifu mbingu waisifu, lakini wailipe kwanza deni la kuisoma. Wasituletee nambari kama hirizi, wala bahati kama jibu. Mizani ikishatimia, mtunzi ndiyo kwanza anaikalia kazi.