Mahindi hayangoji tenda

Makala yenu kuhusu barabara ni nzuri, ila mwandishi ameishia kwenye lami. Hapa Kiminini barabara ya Kitale kwenda Webuye si shida. Mateso yako kwenye njia za kuingia vijijini. Mvua ikianza Machi, udongo unageuka sabuni. Bodaboda anaanguka na mitungi ya maziwa, na mgonjwa anabebwa kwa machela hadi kwenye lami.

Kwetu tumejipanga. Jumamosi asubuhi kila boma linatoa mtu mmoja na jembe au sepeto. Kwanza tunazibua mitaro, maana adui ni maji yaliyotuama, si mvua yenyewe. Kisha tunainua katikati ya njia ili maji yateremke pande zote mbili, ndipo tunamwaga kokoto. Jirani mwenye tinga analeta trela, sisi tunachanga pesa za dizeli. Wazee na wajane hawadaiwi kitu, na mlangoni kwao ndiko tunakoanzia.

Najua kuna atakayesema Katiba ya Kenya ya 2010 iliipa serikali ya kaunti kazi ya barabara za kaunti. Kweli, na tuendelee kuidai. Lakini mahindi ya Novemba hayangoji tenda.

Ombi moja kwa majirani: acheni kulima hadi ukingoni mwa barabara na kuelekeza maji ya shamba njiani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu, usipozibua mtaro utachimbua lori.