Mwimbaji Anatoka Saa Ngapi?

"Shemeji, mwimbaji anatoka saa ngapi?"

Aliniuliza hivyo mara tatu. Mara ya kwanza nikadhani ananitania. Tulikuwa Glasgow, Uskoti, kwenye ukumbi wa chini ya ardhi wenye dari fupi na joto la jikoni, na usiku ule bendi tatu zilikuwa zinapokezana jukwaani. Hakuna hata moja iliyokuja na mwimbaji. Magitaa mawili au matatu, besi, dramu, basi. Aliporudia swali, bendi ya kwanza ilikuwa inakunja nyaya zake. Mara ya tatu alikwisha kata tamaa, akatoa hukumu: "Muziki gani huu usio na ujumbe? Kiingilio nimelipa cha nini?"

Kiingilio nililipa mimi, lakini hilo tuliache.

Ningemsamehe angekuwa peke yake. Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote: kwa watangazaji wa redio, kwa majaji wa mashindano ya vipaji, kwa mzee mmoja wa kamati ya harusi aliyemkataa mpiga saksafoni kwa kuwa "haimbi". Kila mahali ni ujumbe, ujumbe, ujumbe. Kwa watu hawa muziki ni barua, na vyombo ni bahasha tu. Mimi nasema ni uongo, na wanaousema hawauamini wenyewe. Ushahidi wangu ni miguu yao.

Chukua muziki wa dansi. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji analalamikia mke, deni au rafiki mnafiki, na ukumbi mzima umekaa unatafuna kuku. Kisha beti zinakwisha, gitaa la solo linaingia, tumefika kwenye chemko, wanayoiita Wakongo sebene. Hapo viti vyote vinabaki vitupu. Mwenye maikrofoni amebakiwa na kazi ya kurusha majina ya matajiri. Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyeacha soda yake akakimbilia uwanjani kwa sababu ya ubeti wa pili.

Na hizo beti zenyewe ni za lugha gani? Dar es Salaam na Nairobi wamecheza nyimbo za Kilingala miaka nenda miaka rudi. Shemeji yangu, mzaliwa wa Tanga, anajua neno moja la Kilingala, nalo ni "bolingo". Kwa mtaji huo amecheza tangu ujana wake mpaka kiuno kikaanza kumuuma. Alipata ujumbe gani? Franco wa OK Jazz walimwita mchawi wa gitaa. Gitaa, jamani! Uchawi waliuona vidoleni.

Tuje kwenye taarabu, ngome kuu ya maneno. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905, na katika taarabu ya aina hiyo usiku hufunguliwa kwa bashrafu: ganuni, udi, fidla, nai, na hakuna anayefungua kinywa. Ni mlango wa usiku mzima. Sisi je, tunafanya nini bashrafu ikipigwa? Tunatafuta viti. Tunaulizana hali za watoto. Kisha mwimbaji anasimama na noti zinaanza kumiminika mkononi mwake, wakati yule mzee wa fidla, aliyetuliza mara mbili zaidi, anaondoka na nauli. Nikifa, tunza yangu apewe mpiga fidla.

Muziki uliomkera shemeji yangu unaitwa posti-roki. Jina hilo lilienezwa mwaka 1994 na mwandishi Mwingereza Simon Reynolds, akiwasema watu wanaoshika vyombo vya roki kwa shughuli ambazo si za roki. Glasgow ni mojawapo ya ngome zake. Mogwai walianzia hapo mwaka 1995, na albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1997, inafungwa na kipande kinachozidi robo saa. Sehemu kubwa ya kazi yao haina mwimbaji, na bado mwaka 2021 albamu yao ilishika namba moja Uingereza. Wakanada wa Godspeed You! Black Emperor hupiga huku wapiga gitaa wengine wamekaa vitini, filamu za mikanda zikiwaka ukutani nyuma yao. Wateksasi wa Explosions in the Sky walipiga muziki wa filamu ya Friday Night Lights mwaka 2004. Watazamaji hawakuhitaji kuambiwa kwa maneno lini wahuzunike.

Na kinachotokea ukumbini si kigeni hivyo. Gitaa moja linashika sauti mbili tu, linazirudia mpaka unataka kulia kwa kuchoka. La pili linaingia kwa chini. Dramu zinanong'ona. Dakika ya saba hujui tena umesimama tangu lini. Kisha wote wanakanyaga pedali kwa pamoja, na sauti inakupiga kifuani kama wimbi la kusi. Aliyewahi kukesha kwenye ngoma anaijua safari hiyo: kurudia, kupanda, kupasuka. Ni chemko iliyopikwa kwa moto mdogo.

Shemeji ana hoja moja anayoiona ni rungu. "Muziki huu huwezi kuuimba bafuni." Sawa. Nimelala kwake wiki mbili, na bafu lake liko ukuta mmoja na kitanda changu. Anaimba kiitikio kimoja chenye maneno manne, matatu kati yake anayakosea. Huo ndio ujumbe tunaotetea.

Nadhani ugonjwa wenyewe ni kwamba tunauogopa ukimya. Ndiyo maana harusi zetu zimetekwa na washereheshaji wasioweza kumwacha bibi harusi akate keki bila kumsimulia kisu kilipofika. Ndiyo maana didjei hawezi kupitisha dakika mbili bila kutukumbusha jina lake. Pale Glasgow kipande kilipokwisha, watu walinyamaza kidogo kabla ya kupiga makofi. Ilikuwa kama sekunde tatu. Nilizisikia zote, ila ya tatu shemeji aliitumia kuuliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi.

Jumamosi ijayo tumealikwa harusi, na bendi ya Wakongo imeshakodiwa. Nitakaa meza moja naye. Gitaa la solo litakapoingia, naye akainuka na leso mkononi, nitamshika pindo la koti nimuulize taratibu: "Shemeji, hapo anasemaje?"