Mchezo wa Kijapani, Kanda za Dar es Salaam na Ngoma za Kilombero

Mwezi Februari 2023 kampuni ya Kijapani ya Square Enix ilitoa mchezo wa video uitwao Theatrhythm Final Bar Line. Kanuni yake ni nyepesi. Muziki unapigwa, alama zinatiririka kwenye kioo, na mchezaji anatakiwa kubonyeza kitufe sawia na pigo. Akiwahi au akichelewa, hupoteza pointi. Ndani yake mna nyimbo 385, na kiini chake ni muziki wa Final Fantasy, mfululizo wa michezo ya simulizi ulioanza mwaka 1987, ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika na kusafiri naye kwa saa nyingi. Huu haukuwa mchezo wa kwanza wa aina yake. Ulitanguliwa na mwingine wa mwaka 2012 na mwingine tena wa 2014. Kwa maneno mengine, kampuni imeuza kumbukumbu ya muziki wake zaidi ya mara mbili, na wanunuzi wamerudi kila mara.

Msomaji anaweza kuuliza jambo hili linahusu nini siasa na jamii ya Tanzania. Linahusu sana, kwa sababu chini ya burudani hiyo limo swali la utawala: nani anatunza kumbukumbu ya watu, na kwa mamlaka gani? Mchezo kama huo hauwezi kutengenezwa bila vitu vinne: sauti iliyohifadhiwa, jina la mtunzi, mkataba unaoeleza nani anamiliki nini, na orodha inayoonyesha kila wimbo ulipo. Mtunzi wa nyimbo za mwanzo, Nobuo Uematsu, alizitunga kwa ajili ya mashine iliyoweza kutoa sauti chache tu kwa wakati mmoja. Wengi wangeziona kuwa kelele za watoto. Hata hivyo zilitunzwa. Mwaka 2021, katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki jijini Tokyo, wanamichezo wa mataifa mbalimbali waliingia uwanjani kwa muziki wa michezo ya video, ukiwamo wa Final Fantasy. Bidhaa ya duka ilikuwa imegeuka kitambulisho cha taifa.

Sasa tulitazame bonde la Kilombero kwa kipimo hicho hicho. Kupiga kwa wakati si jambo geni Ifakara, mji ambao mchele wake unajulikana nchi nzima. Kabla ya mashine za kukoboa kuenea, mpunga ulitwangwa kwenye kinu, mara nyingi na wanawake wawili au watatu kwa zamu katika kinu kimoja. Aliyekosea pigo aligonganisha mchi wake na wa mwenzake. Wimbo ndio uliopanga zamu hiyo. Ulikuwa chombo cha kazi kama mchi wenyewe. Mashine ilipokuja, hakuna mwenye akili aliyewalilia wanawake waondolewe sulubu ile, wala mimi silii. Lakini wimbo uliondoka pamoja na sulubu, bila mtu kuulizwa kama ulistahili kubaki.

Bonde hili limepokea watu wengi: Wandamba na Wapogoro, Wambunga, Wahehe na Wabena, wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Kilombero, waliokuja na reli ya TAZARA katika miaka ya 1970, na wafugaji wa Kisukuma waliofika baadaye. Kila kundi lilikuja na ngoma zake. Ngoma ya sangula ya Wapogoro bado huchezwa kwenye sherehe, na mara nyingine huitwa kumpokea kiongozi anayezindua mradi. Kiongozi akishapita, ngoma hurejea ilikotoka. Katika shughuli kama hizo, jina la mgeni rasmi huandikwa kwenye kibao cha jiwe la msingi. Jina la mwimbaji aliyeongoza wimbo haliandikwi popote.

Tusidhani kwamba muziki uliorekodiwa umepata bahati kubwa zaidi. Mkoa wetu wa Morogoro ulitoa magwiji wawili wa dansi, Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano. Mbaraka alikwenda Japani mwaka 1970 na kupiga muziki kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, akaiwakilisha nchi changa mbele ya ulimwengu. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979. Nyimbo nyingi za bendi za zama hizo, upande wa bara, zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa kuwa mwanamuziki hakuwa na studio nyingine ya kukimbilia isipokuwa kuvuka mpaka hadi Nairobi. Maelfu ya kanda hizo leo yamo mikononi mwa TBC. Juhudi za kuzihamishia kwenye mfumo wa kidijitali zimekuwapo kwa vipindi, lakini utepe wa sumaku haungoji vipindi. Unachakaa kila mwaka.

Hapa ndipo ulinganisho na Japani unapouma. Kule mtunzaji ni kampuni binafsi inayofuata faida. Huku aliyerekodi alikuwa dola, kwa kodi ya wananchi, katika enzi ambayo dola ilijitangaza kuwa mlezi wa utamaduni. Aliyeshika ufunguo peke yake ana wajibu mkubwa kuliko mfanyabiashara. Kanda zile ni amana ya umma, na amana ina masharti: mwenye mali aweze kujua kilichomo, na warithi wa mtunzi waweze kudai chao.

Muda wa kudai nao unakwisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa tungo za Salum Abdallah umekwisha kupita, na wa tungo za Mbaraka utafikia ukomo mwaka 2029. Sheria hiyo hiyo inatambua pia sanaa za jadi, na mamlaka ya kuruhusu matumizi yake ya kibiashara imeyaweka kwa Baraza la Sanaa la Taifa. Ni ulinzi mzuri kwenye karatasi. Lakini utalindaje wimbo wa Mngeta au Malinyi ambao haumo kwenye orodha yoyote? Kampuni ya nje ikiuchukua kesho na kuutia kwenye mchezo wake, mlalamikaji atathibitisha kwa kitu gani?

Najua pingamizi litakalotolewa. Zahanati hazina dawa za kutosha, mafuriko hukata barabara, migogoro ya ardhi haijaisha. Nani ana nafasi ya kufikiria nyimbo? Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama kurekodi kungehitaji fedha za kujenga zahanati. Hakuhitaji. Kinasa sauti kizuri, mafuta ya pikipiki na posho ya siku chache ni gharama ndogo kuliko semina moja ya hotelini. Tena, ni watu wale wale wenye migogoro ya ardhi ambao katika nyimbo zao wametaja mito, malisho, mipaka na majina ya waliotangulia kulima mahali fulani. Anayepuuza wimbo anaweza kuwa anatupa ushahidi.

Pingamizi la pili ni la vijana: tunayo Bongo Fleva, inatosha. Bongo Fleva ni fahari yetu na sina ugomvi nayo. Ila nayo itazeeka. Wimbo uliorekodiwa mwaka 2000 katika studio ya uchochoroni, kwenye kompyuta ambayo imekwisha kufa, tayari uko katika hatari ile ile ya kanda za redio. Desturi ya kutunza isipojengwa kwa ajili ya wazee, haitakuwapo vijana watakapoihitaji.

Nini kifanyike? Halmashauri ya Mji wa Ifakara na halmashauri za Mlimba, Ulanga na Malinyi zina maofisa utamaduni. Wapewe kifungu cha kurekodi ngoma na nyimbo za kazi kata kwa kata, wakiandika jina la mwimbaji, kijiji, lugha na tarehe, kwa ridhaa ya wahusika, na nakala ibaki kijijini. TBC ichapishe orodha ya kanda zake hata kabla ya kumaliza kuzihamisha, ili familia zijue cha kufuatilia. Nanyi wanafunzi wa muziki, historia na sosholojia, msiandike tena tasnifu kuhusu utandawazi kwa jumla wakati bibi aliyeongoza nyimbo za kutwanga bado anaishi mtaa wa pili.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na makadirio ya halmashauri hupitishwa na madiwani miezi kadhaa kabla. Diwani atakayekuja kuomba kura Kibaoni au Lumemo aulizwe swali moja lenye jibu la tarakimu: katika bajeti mliyopitisha, ni shilingi ngapi zilitengwa kuhifadhi sauti za watu mnaowaongoza?