Mbuzi Mmoja, Miaka 14

Wanafunzi wengi nizungumzao nao hudhani kwamba kosa huwa kubwa kwa sababu mali iliyoibwa ni ya thamani kubwa. Sivyo isemavyo Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1930. Kifungu cha 4 hupima kosa kwa adhabu yake: likistahili kifo, au kifungo cha miaka 3 au zaidi, basi ni kosa kubwa, isipokuwa sheria yenyewe imelitaja kuwa dogo. Wizi wa kawaida adhabu yake yaweza kufika miaka 3. Kwa hivyo aibaye hata kalamu ametenda kosa kubwa, ingawa hakimu aweza kumwachilia.

La ajabu ni hili. Mwizi wa mbuzi, chini ya kifungu cha 278, aweza kufungwa hadi miaka 14. Mtumishi wa umma aibaye mali ya serikali, chini ya kifungu cha 280, hukabiliwa na miaka 7! Sheria ya ufisadi ya mwaka wa 2003 ilileta kifungo cha hadi miaka 10 pamoja na faini, lakini mbuzi angali mbele.

Siudharau uchungu wa mfugaji; kwake mbuzi ni karo, ni mahari, ni chakula. Lakini dawa za zahanati zikiibwa na aliyekabidhiwa ufunguo, ni wagonjwa wangapi hurudi nyumbani mikono mitupu? Nawasihi wabunge wavisome vifungu hivi viwili kwa pamoja, nao walimu wavipeleke darasani.