Mjane Naye ni wa Kwetu

Hapa milimani Usambara twajulikana kwa ukoo na kwa shamba. Si vibaya. Lakini wapo wajane ambao, matanga yakiisha tu, huambiwa: “Rudi kwenu.” Je, ubatizo haukuwapa kwao? Sisi tunaosali Baba Yetu hatuwezi kumfukuza binti wa Baba huyo huyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yamtambua mwanamke kuwa na haki ya ardhi sawa na mwanamume. Imani yatudai zaidi. Basi, kila jumuiya ndogo ndogo, toka Gare hadi Lushoto mjini, isimame na mjane wake mbele ya ukoo na baraza la ardhi. Mungu humtunza kwa mikono yetu.