Mapipa ya Bia na Zana za Kujitengenezea

Ni desturi ya viwanda vikubwa kubadili njia zao za kazi bila kujali vyombo vya zamani vitaishia wapi. Ndivyo ilivyotokea nchini Marekani katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, makampuni ya soda yalipoacha kupeleka vinywaji vyao mahotelini katika mapipa ya chuma na kuanza kutumia mifuko ya plastiki iliyotiwa ndani ya maboksi. Mapipa yale, ambayo hata leo huitwa kwa jina la mtengenezaji wake mmoja, Cornelius, yalikuwa ya chuma kisichoshika kutu, na pipa moja lilichukua galoni 5 za Kimarekani, yaani lita 19 hivi. Vyombo vyenye uzima wa miaka mingi vikageuka kuwa chuma chakavu.

Waliokuja kuviokoa ni watu waliopika bia majumbani mwao. Sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978, ikaanza kutumika Februari 1979, iliwaondolea kodi ya serikali kuu kwa bia ya matumizi ya nyumbani: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, na 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Watu hao walihitaji chombo cha kuhimili gesi, na pipa la soda likawafaa sana. Tatizo ni kwamba pipa kuukuu huja na mipira iliyochoka, tena yenye harufu ya soda isiyotoka kwa kuoshwa, na vali zilizoganda. Kuzifungua kunataka zana, na zana hiyo haikuwamo katika sanduku la fundi wa kawaida.

Mathalani, pipa la aina iliyotumiwa sana na Coca-Cola lina vichwa viwili vya vali vyenye pini zilizochomoza ubavuni. Cha gesi kina pini 2 na cha kinywaji pini 3. Spana ya boksi ya kawaida haishuki juu yake kwa sababu pini huizuia. Ni dhahiri kwamba aliyebuni kichwa hicho hakumfikiria mtu wa nyumbani. Wapishi wale, badala ya kulalamika, walichukua spana ndefu ya boksi ya inchi 13/16, wakatia alama mahali pini zinapokaa, kisha wakakata mapengo mdomoni mwake. Chuma cha spana nzuri kimekazwa kwa moto kiasi kwamba tupa huteleza juu yake. Kwa hiyo spana hubanwa katika jiliwa na kukatwa kwa jiwe la kusagia, na mkataji hana budi kuvaa miwani ya kukinga macho.

Zana nyingine ni duni zaidi kwa sura, wala si kwa manufaa. Mfuniko unaovujisha gesi hutulizwa kwa vipande vya mpira vilivyowekwa chini ya miguu ya kibanio chake, ili ukandamizwe zaidi. Mahali pa kuvuja hutafutwa kwa povu la sabuni, mbinu ambayo fundi wa baiskeli wa Tabora au Morogoro hahitaji kufundishwa. Mipira 5 mipya, mmoja wa mfuniko, miwili ya vichwa na miwili ya mirija, hulirudisha pipa kazini.

Wapo wanaoitazama spana yenye mapengo na kucheka. Hiyo ni kasumba ya kuamini kwamba chombo kisicho na chapa ya kiwanda si chombo. Spana ile ina sifa zote za zana halisi: imepimwa, imekusudiwa kazi moja, na kazi hiyo inaiweza. Mwalimu wa ufundi anayempa mwanafunzi alama ndogo kwa sababu kazi yake haikung'arishwa angefaa kuitazama kwa makini.

Hata hivyo, kosa la upande wa pili ni baya zaidi, maana linaua. Bia hukaa katika pipa kwa mgandamizo wa ratili 12 hivi kwa kila inchi ya mraba, lakini gesi iliyomo katika mtungi unaolilisha pipa hilo huzidi ratili 800 katika joto la kawaida la chumba. Kidhibiti kilichopo kati ya viwili hivyo si kitu cha kubuniwa uani kwa mabaki ya bomba. Mwaka 2012 mfanyakazi wa kiwanda cha bia mjini Portsmouth, jimbo la New Hampshire, alikufa baada ya pipa la plastiki kupasuka lilipokuwa likisafishwa. Ikiwa ajali hufika hata kiwandani, anayefungua kichwa cha vali nyumbani kabla ya kuitoa gesi yote amefanya ubahili mahali pasipostahili. Bei ya spana inaweza kuepukwa. Subira ya kusubiri mlio wa gesi uishe haina mbadala wa bei nafuu.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika mapipa yenyewe ya viwanda vya bia, yale ambayo wasomaji wa Kenya huyafahamu kwa jina la kegi tangu bia ya Senator Keg ilipoingia sokoni mwaka 2004. Ndani yake mna mrija mrefu uliozuiwa na pete ya chuma, na pete hiyo ikibanduliwa kwa bisibisi wakati gesi ingalimo, mrija hufyatuka kama mkuki. Tena mapipa ya namna hii kwa kawaida hubaki mali ya kiwanda, na amana anayotoa mwenye baa si bei ya kulinunua. Likiharibika, fundi wake ni yule wa kiwandani, na kazi ya mwenye baa ni kulirudisha.